Irudisheni ile kengele ya "kin-kon", safari hii iwekwe kwenye apu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, na juzi nimeona msomaji mwenzangu kaandika hapa hapa kwamba apu za ramani zinazopiga mlio dereva akizidisha spidi ni usumbufu mtupu, bora mlio uondolewe kabisa ibaki namba tu kwenye kioo cha simu. Namuelewa sana, na malalamiko yake nayakubali karibu yote, ila dawa aliyoitoa siyo. Mlio usiondolewe, ubadilishwe. Na wa kuweka badala yake upo tayari, ulishatengenezwa kabla hata simu za mkononi hazijaja, na naamini wasomaji wengi wa umri wangu waliusikia wakiwa watoto kwenye siti ya nyuma bila kujua ni wa nini.

Mzee wetu alikuwa na gari la Kijapani, yale ya zamani ya bodi iliyokaa kimraba, dashibodi ngumu inayonuka plastiki jua likipiga. Tukishatoka kwenye vituo na matuta, barabara ikifunguka, mzee anakanyaga, mshale unapanda taratibu, ukipita mia kidogo tu unasikia ndani ya dashibodi "kin-kon... kin-kon... kin-kon". Sauti nzuri kabisa ya chuma, kama kengele ya mlangoni lakini inatoka mbali kidogo. Mama aliyekuwa amesinzia anafumbua macho, hasemi kitu, anamwangalia tu mzee. Mzee anaachia mguu. Kengele inanyamaza, mama anarudi kulala. Hakuna aliyegombana na mtu, hakuna aliyeambiwa "punguza mwendo", na mzee wangu kumwambia punguza mwendo mbele ya watoto ilikuwa ni kuanzisha kesi nyingine.

Baadaye sana nimekuja kuelewa kwamba ile haikuwa mapambo. Japani miaka ya 1970 waliweka sharti kwamba gari la kawaida likifika kama kilomita 105 kwa saa lazima limlilie dereva, na vile vigari vyao vidogo vya injini ndogo vilianza kulia kwenye 85 hivi, kwa sababu barabara kuu za haraka za kwao kikomo kilikuwa 100 kwa gari la kawaida na 80 kwa vidogo. Wajapani wenyewe ule mlio wanauita hivyo hivyo, kin-kon. Sharti likafutwa mwaka 1986, na sababu zinazotajwa mara nyingi ni mbili, kwanza waliokuwa wakiingiza magari kutoka nje waliona ni kikwazo cha biashara, pili watu walisema ukiusikia mlio ule ule muda mrefu barabara imenyooka unaleta usingizi. Hiyo sababu ya pili naomba tuiweke akilini nitairudia, maana ndipo watu wengi wanaopenda vitu vya zamani wanapokosea. Kwa magari yanayotengenezwa kwa ajili ya nchi za Ghuba mlio wa namna hiyo umeendelea kuwepo miaka mingi, mengi yanalia kwenye 120, kwa hiyo kuna madereva hata leo wanaujua vizuri tu.

Sasa nije kwangu mwenyewe. Nilipoanza kutumia simu kwa ajili ya ramani nikaweka apu moja, jina lake silitaji, ambayo ukizidisha inaongea. Sauti ya mtu kabisa, kali, inakukatia muziki inasema umezidi mwendo. Siku ya kwanza nikaona ni kitu kizuri. Siku ya tatu tunarudi safari usiku, mwanangu mdogo kalala nyuma baada ya kulia karibu saa nzima, mimi niko kwenye 84 penye kikomo cha 80, ile sauti ikapiga kelele gari zima. Mtoto akaamka. Mke wangu akaniambia zima hicho kitu, nikazima hapo hapo huku naendesha, kidole kwenye simu macho hayako barabarani, ambalo lenyewe ni kosa kubwa kuliko zile kilomita 4. Na sikuiwasha tena. Miezi minne hivi.

Kwenye hiyo miezi minne ndipo yalipotokea yaliyonifanya niandike hii barua. Niliingia kwenye kona ambayo naijua, mwanga mzuri, barabara kavu, sina haraka yoyote, nilikuwa tu nimetoka kwenye kipande kirefu kilichonyooka na mwili ulishazoea spidi ile. Mbele ya kona kuna shule na kibao cha 50. Nilipotupa jicho kwenye spidomita mshale uko 92. Watoto walikuwa wanatembea pembeni ya lami kwa mstari, mabegi mgongoni, wa mwisho ameinama anafunga kamba ya kiatu mguu mmoja uko ndani ya barabara. Nilifunga breki gari likayumba, nikapita. Hakuna aliyeguswa. Yule mtoto hata hakuinua kichwa, alimaliza kufunga kiatu chake akawakimbilia wenzake. Mimi nilisimama mbele kidogo nikakaa ndani ya gari mikono inatetemeka, na kitu kimoja kilikuwa kinanizunguka kichwani, kwamba simu iko pale pale kwenye kishikio, ramani imewaka, ile namba ya spidi ilikuwa imeshageuka nyekundu muda wote, na mimi sikuiona. Kwa hiyo msomaji mwenzangu anaposema tubaki na namba tu kwenye kioo, mimi namba nilikuwa nayo. Namba inataka uiangalie, na anayezidisha bila kujua ndiye haangalii.

Watu wanachukulia kuzidisha spidi kama jambo la polisi na faini, lakini hebu tupige hesabu ya kawaida. Nguvu ya kugonga haipandi sawa na spidi, inapanda kwa spidi mara spidi, yaani ukitoka 80 kwenda 100 umeongeza robo tu ya mwendo ila nguvu ya gari imeongezeka kwa asilimia 56. Kwenye 100 gari linakula karibu mita 28 kila sekunde, ukitazama simu sekunde mbili umeshapita mita zaidi ya 55 kama kipofu. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa spidi ukipanda kwa asilimia 1 hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4, na kila mwaka barabara zinaua watu kama milioni 1.19 duniani, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 ajali ndiyo inayoongoza kwa kuua. Kwa hiyo tunapobishana kuhusu mlio tusione ni mambo ya setingi za simu.

Ila mlio wenyewe ndio kesi. Onyo ambalo dereva amelizima halimuonyi mtu, na watu wanazima kwa sababu milio ya siku hizi imetengenezwa kama vile dereva ni mhalifu. Ulaya tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa lazima liwe na mfumo wa kumjulisha dereva kikomo cha spidi na kumwonya akizidi, na ukiuzima unajiwasha tena kila unapowasha gari. Matokeo yake kuna madereva wengi kule ambao kazi yao ya kwanza asubuhi kabla ya mkanda ni kuutafuta ule mfumo kwenye menyu wauzime. Mfumo umetengenezwa na wataalamu, unasoma vibao kwa kamera, una ramani, lakini unatoa "pii pii pii" ambayo sikio linaikataa. Hata mahospitalini hili wanalijua miaka mingi, wodi yenye mashine kumi zinazopiga alamu muda wote wauguzi wanafika mahali hawazisikii tena, siyo kwamba ni wazembe, ni akili ya binadamu inajilinda.

Kengele ya zamani ilikuwa na siri gani? Mimi siyo mtaalamu wa sauti, ila niliifuata mpaka mwisho. Mjomba wangu bado ana mwili wa gari kama lile la mzee, halitembei tena, nikamuomba ruhusa, mjomba akasema chukua utakacho ila funga milango kuku wasiingie. Nikaenda na fundi wa umeme tukafungua chini ya dashibodi. Tulikuta kidude kidogo kinaenea kiganjani, ndani kuna koili ya waya, chuma kinachoteleza katikati, na vipande vya chuma bapa vimening'inizwa kwenye raba. Fundi akakisafisha akagusisha waya za betri. Ukigusa, sumaku ya umeme inavuta chuma kinagonga, "kin". Ukiachia, springi inakirudisha kinagonga upande wa pili, "kon". Basi, hakuna kingine, hakuna chipu, hakuna spika, chuma kimegonga chuma. Na zaidi ya miaka thelathini baadaye kikalia kama jana. Mjomba alikuwa amekaa nje kwenye kiti chake, aliposikia akainuka kabisa akaja kuchungulia dirishani akasema, "Hiyo ni ya gari langu?"

Nilirekodi kwa simu pale pale, nikakata vizuri nikaweka kwenye apu nyingine ndogo ya spidi ambayo inakubali uweke faili lako la sauti. Na hapa naandika kwa uzoefu wa zaidi ya mwaka sasa, siyo nadharia.

Cha kwanza, inasikika. Pii ya simu ni sauti nyembamba ya juu, na masikio yetu yakizeeka sauti za juu ndizo zinaanza kupotea, kwa hiyo dereva mzee ndiye anayeweza kuikosa. Chuma kilichogongwa kina sauti kadhaa ndani yake kwa pamoja, za kati na za juu, na kinaendelea kuvuma baada ya kugongwa, hivyo hata kelele za matairi zikifunika mwanzo unaupata mkia. Huo mkia una faida nyingine ambayo sikuitegemea. Simu ikiunganishwa na redio ya gari kwa bluetuthi, redio mara nyingi inachelewa kuamka na kumeza mwanzo wa sauti, pii fupi inaweza kumezwa yote usisikie chochote, lakini kengele inamezwa "kin" unapata "kon" na bado unaelewa.

Cha pili, haimshtui mtu. Mwanangu hajaamka hata mara moja. Ila mimi naisikia, na mke wangu anaisikia, na anafanya kile kile alichokuwa anafanya mama yangu, ananiangalia tu. Mguu unaachia wenyewe kabla sijafikiria. Hakuna maneno, na hili ni kubwa kuliko linavyoonekana maana sauti ya mtu ikikusema kwenye gari lako mbele ya familia yako unataka kuijibu, kengele huwezi kubishana nayo.

Cha tatu ndicho ambacho magari ya zamani hayakuwa nacho. Ile kengele ya mzee ilijua namba moja tu maisha yake yote. Ukipita mbele ya shule na 90 ilikaa kimya, kwa sababu kwake 90 ni sawa. Apu inajua barabara uliyopo na kikomo chake, ikiwa kwenye ramani kimewekwa, kwa hiyo ile kona yangu ya 50 ingelia kwenye 50 na kitu. Hicho ndicho naomba, sauti ya zamani ikae juu ya akili mpya. Siyo kurudi nyuma.

Kuna jambo moja hapa nalisema pembeni maana nimelisikia sana kwa madereva, eti apu zinadanganya kwa sababu dashibodi inasema 100 na simu inasema 95. Simu haidanganyi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya spidomita inakataza gari kuonyesha chini ya mwendo halisi, na inaruhusu kuonyesha juu kwa asilimia 10 pamoja na kilomita 4, yaani ukiwa kwenye 100 ya kweli dashibodi inaruhusiwa kusema mpaka 114. Watengenezaji wanaegemea upande wa juu ili wasivunje kanuni. Simu inapima mwendo kwa setilaiti, na kwenye barabara iliyo wazi na mwendo usiobadilika badilika inakaribia ukweli zaidi, inachelewa kidogo ukikanyaga au ukifunga breki, na kwenye handaki inapotea. Tuishie hapo.

Sasa ile sababu ya pili ya Japani, usingizi. Ni kweli na waliosema hawakukosea. Kengele ya zamani ililia bila kuchoka mpaka upunguze, muda ule ule kati ya mlio na mlio, na kitu chochote kizuri kinachojirudia kwa mpangilio mmoja kinakuwa wimbo wa kubembelezea. Kwenye majaribio yangu ya mwanzo niliiacha ilie hivyo na baada ya dakika kumi nilikuwa siisikii, nilikuwa nimekaa na 88 mahali pa 80 na kengele inaimba. Kwa hiyo anayetengeneza apu akichukua sauti bila kufikiria mpangilio ataharibu. Mimi nimekuja kuiweka ilie mara tatu halafu inyamaze. Nikiendelea kuzidisha, baada ya nusu dakika inarudi mara tatu tena lakini kwa haraka zaidi, na nikizidi kwa kilomita 20 hapo ndiyo iachane na upole, ipige sauti nyingine kabisa, hata kali, kwa sababu hapo ukali una kazi. Halafu nikirudi kwenye kikomo na kupanda tena isianze kulia upya mpaka niwe nimeshuka chini ya kikomo kwa kilomita 3 au 4 hivi, vinginevyo ukiwa unachezea kwenye mstari, 80, 81, 80, 81, inakutoa roho. Na muziki ushushwe kidogo tu wakati inalia, usikatwe. Kukata muziki ndiko kunakomfanya mtu atafute kitufe cha kuzima.

Ramani nazo zinakosea, hilo nalo lisemwe. Kuna barabara ya pembeni inayokwenda sambamba na barabara kuu, setilaiti inakosea mita chache, apu inadhani uko kwenye ile ya pembeni ya 30 inaanza kukulilia ukiwa halali kabisa. Ikikukosea kwa sauti ya kukaripia unaichukia na huiamini tena hata siku iko sahihi. Ikikukosea kwa "kin-kon" unatazama, unaona ni kosa, unaendelea na safari yako. Onyo lolote litakosea siku moja, kwa hiyo lazima liwe la aina ambayo mtu anaweza kulisamehe. Hapo ndipo wengi wa watengenezaji hawajafika, wameweka nguvu zote kwenye kuonya kwa sauti kubwa na hawajajiuliza dereva atajisikiaje mara ya mia mbili.

Nimesikia pia vijana wakisema mambo ya sauti za kizamani ni mapambo, kama kuweka mlio wa simu ya mezani kwenye simu ya kisasa. Anayetaka kwa ajili ya kumbukumbu achukue kwa ajili ya kumbukumbu, sina ugomvi naye, akiipenda hataizima na hilo linatosha. Lakini wale waliounda kile kidude hawakuwa wanatengeneza kumbukumbu, walikuwa na swali gumu la namna ya kumwambia dereva amekosea huku wakimwachia usukani na heshima yake, wakalijibu kwa koili na vipande vya chuma. Jibu lao limekaa kwenye magari yanayooza.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotengeneza apu, wakubwa na wadogo, ni wampe dereva nafasi ya kuchagua mlio, na kati ya milio hiyo iwepo kengele ya chuma iliyorekodiwa kutoka kwenye kidude halisi, siyo ile ya kuigiza kwenye kompyuta ambayo mkia wake unakatika ghafla, tofauti unaisikia mara moja. Uchaguzi uwe kwenye ukurasa wa mbele wa setingi, mtu auweke kabla hajaondoka.

Na kwa wasomaji, kama una gari la miaka hiyo limekaa tu uani, au baba yako au mjomba wako analo, kabla halijauzwa kwa kilo mwite fundi mfungue chini ya dashibodi. Kidude ni kidogo, kinaweza kuwa nyuma ya spidomita au pembeni ya safu ya usukani, kina waya mbili. Kisafishe vumbi, gusisha betri ya volti 12 kwa sekunde moja tu usiache muda mrefu koili isiungue, na rekodi mahali pasipo na upepo, simu ikae kama mita moja. Magari tofauti yana kengele tofauti, nimezisikia mbili mpaka sasa na ya pili ilikuwa nzito zaidi kuliko ya mzee wangu. Nyingine natamani sana kuzisikia.

Ni mimi,
Dereva na msomaji wako wa siku nyingi